Picha Zilizo Njiani na Wasomaji Wake

Sanaa ya kupaka michoro juu ya masanduku ya umeme yaliyo kando ya barabara imekwisha kuwa jambo la kawaida katika miji mingi ya dunia. Huko Brisbane, nchini Australia, wakazi walianza mwaka 1999 kuyapamba masanduku ya taa za kuongozea magari. Yafaa tujiulize: mtindo huo ukiingia Korogwe na Handeni utasema nini, na utasema na nani?

Kwetu transfoma nyingi zimewekwa juu ya nguzo, mbali na brashi, na hilo ni jambo la heri. Picha inayostahili pale ni ile iliyopo tayari: fuvu la kichwa, mifupa miwili na neno HATARI. Wako watakaoicheka, lakini ni chache mno picha za hadhara zinazotimiza wajibu wake vizuri kama hiyo. Asiyejua kusoma huielewa. Atakayeifunika kwa maua atakuwa ametenda kosa la sanaa kabla ya kosa la sheria. Uwanja wetu basi ni wa chini: kioski cha maji, ukuta wa shule, ukuta wa duka.

Na uwanja huo unayo habari yake. Mitambo ya Hale, wilayani Korogwe, ilianza kufua umeme mwaka 1964 kwa nguvu ya Mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu. Bomba kuu la Handeni, lijulikanalo kwa herufi HTM, lilijengwa kuyachota maji ya mto huo huo upande wa Korogwe na kuyafikisha katika nchi ya Wazigua, ambako ndoo ya maji haijapata kuwa kitu cha mzaha. Awashaye taa na atwikaye ndoo wote hula jasho la mto mmoja. Habari kubwa namna hiyo sisi hatujaiona ikichorwa ukutani.

Tunachokiona zaidi ni rangi za makampuni ya simu na ya soda, zilizolimeza duka zima kuanzia msingi hadi paa; mwenye duka amepata rangi ya bure, na mtaa umepoteza ukuta. Kisha wapo twiga na tembo wa kuigwa, wale wa mtindo wa Tingatinga.

Hapa hatuna budi kumtendea haki Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alitumia mbao nyembamba za dari na rangi ya baiskeli, vitu vya bei ya mtu wa kawaida. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, kwa wageni waliotaka kitu cha kufungasha, na biashara hiyo haina aibu. Lakini mama wa Handeni anayengoja zamu yake ya maji hafungashi kitu. Twiga yule hamwambii neno. La kuiga kwa Tingatinga ni ule ujasiri wa kuanza na kopo lililopo dukani. Wanyama wake tumwachie mwenyewe.

Nchi hii ilikuwa na mafunzo yake ya sanamu. Hans Cory, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alieleza sanamu za udongo zilizotumika katika unyago na jando miongoni mwa Wazigua, Wasambaa na jirani zao, kila sanamu na wimbo wake na fundisho lake. La hasha, hatusemi zitolewe njiani! Siri ya kumbi iheshimiwe. Tunasema tu kwamba sura na neno vilikwenda pamoja, kama kanga na jina lake.

Kwa hiyo mwalimu aliyepewa ukuta wa kioski asianze na brashi. Awatume wanafunzi kwanza kwa wachotaji maji, wakusanye misemo yao kuhusu mto, foleni na ukame, kwa Kizigua na kwa Kiswahili, ndipo wachore. Tena rangi ya mafuta huchujuka juani, na ukuta wa kioski hulowa kutwa. Kamati ya maji iweke kando, tangu siku ya kwanza, fedha za kopo la pili.