Sura ya Mama kwa Mkasi na Gundi

Huku kwetu Malukhu, Mbale, mwanamke anayesifiwa mara nyingi huchorwa akiwa laini: ngozi bila kovu, tabasamu, gomesi mpya. Je, sifa hiyo inamtosha? Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, anatujibu kwa mkasi na gundi. Katika mfululizo wake kuhusu uvimbe wa mfuko wa uzazi, alibandika vipande vya picha za majarida juu ya michoro ya zamani ya kitabibu. Nyuso zinazotokea hazipendezi haraka. Zinamlazimisha mtazamaji ajiulize ni nani aliyezoea kuupima na kuukatakata mwili wa mwanamke.

Hata hivyo, naona pengo. Nyuso hizo hazina majina, na anayetaka kumheshimu mama fulani hawezi kuishia hapo. Tuazime kwake kanuni moja tu: kila kinachobandikwa kiwe na sababu ya kuwepo. Mama aliyesomesha watoto kwa kuchambua kahawa ya Mlima Elgon, kipande cha gunia kingemfaa kuliko rangi ya dhahabu, kwa kuwa kahawa ndiyo iliyolipa karo.