Ujumbe wa tatu na kiwango kilichoamuru kosa

KRACK, shambulizi dhidi ya Wi-Fi, ilipotangazwa Oktoba 2017, wengi walizilaumu ruta, wengine nywila zao. Lawama ziende kwa walioandika 802.11i, kiwango cha usalama wa Wi-Fi kilichopitishwa 2004, na hasa kwa walivyoamua kuhusu ujumbe wa tatu.

Mnaikumbuka hatua yenyewe. Katika kupeana mikono kwa jumbe nne, simu inapojiunga na mtandao, ruta inatuma ujumbe wa tatu, simu inasakinisha ufunguo na kujibu kwa wa nne. Wa nne ukipotea hewani, ruta inarudia wa tatu. Hapo simu ingejibu tu, basi. Ufunguo si inao tayari? Lakini kiwango kiliitaka isakinishe tena, na kila ikisakinisha, kaunta ya pakiti inarudi mwanzo. Mathy Vanhoef wa KU Leuven, mtafiti aliyeigundua KRACK, alikaa katikati kwenye chaneli nyingine, akauzuia ujumbe wa nne, akaiacha ruta ifanye yaliyobaki. Kaunta ikisharudi nyuma, pakiti mpya inafichwa kwa mkondo uleule wa ufunguo uliokwisha kutumika. Ukijua kilichomo katika moja, ya pili umeisoma. Nywila haijaguswa. AES, msimbo wenyewe unaoficha pakiti, nayo haina kosa.

Na kosa hili la kutumia mkondo mmoja mara mbili lilikuwa na historia ndefu. Tarehe 30 Agosti 1941 opereta wa Kijerumani aliombwa arudie ujumbe wa herufi kama 4,000 kwenye mtambo wa Lorenz wa kuficha jumbe. Akaurudia kwa mpangilio uleule wa magurudumu, tena akifupisha maneno kwa uvivu. Mvunja misimbo wa Uingereza, John Tiltman, akazing'amua jumbe zote mbili kwa mkono, kisha mwenzake Bill Tutte akaeleza muundo wa mtambo ambao hakuwahi kuuona. Lakini yule opereta angalau alivunja amri. Mwaka 2004 amri yenyewe ndiyo iliyosema rudia.

Ndiyo maana Windows na iOS, zilizokaidi kiwango na kuukataa ujumbe wa tatu uliorudiwa, zilinusurika kwenye hatua hii, ingawa ufunguo wa kikundi, ule wa matangazo kwa vifaa vyote, uliziponza. Android 6.0 ilikuwa tiifu kupita kiasi. Kiwango kilidokeza ufunguo ufutwe kwenye kumbukumbu baada ya kusakinishwa. Ikafuta, na ujumbe uliporudi ikasakinisha sifuri tupu.

Msiniambie kwamba itifaki ilikuwa imethibitishwa kihisabati. Ilithibitishwa kweli, ila uthibitisho haukugusa ufunguo unasakinishwa lini.

Viraka vilitoka, na ruta za zamani zikaendelea kuelewana na simu zilizotiwa viraka.

Tangu enzi za A5/1, msimbo wa simu za GSM uliofichwa ili usichunguzwe, nimekuwa nikilia na hawa wanaojifungia vyumbani kuandika viwango vya usalama. Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za Wi-Fi, nao walijifungia kuandaa WPA3, kiwango kipya cha usalama. Aprili 2019 Vanhoef na Eyal Ronen wakaonyesha mianya yake.