Majina katika Captain Planet

Katuni za Captain Planet and the Planeteers, zilizoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1990, zawafunza watoto kuihifadhi dunia. Vijana watano huunganisha nguvu za pete zao, wakamwita shujaa awashinde wachafuzi. Kusudi ni jema. Lakini siasa yake hasa imo katika majina. Adui mmoja aitwa Hoggish Greedly, yaani nguruwe na uroho, na sura yake ni ya nguruwe vilevile; mwingine ni Looten Plunder, uporaji na unyang'anyi. Jina limekwisha kumhukumu mtu kabla hajatenda, kama fisi wa ngano zetu. Basi yule mwenye kiwanda mpole, mwenye leseni, ambaye bidhaa zake zimo nyumbani mwa mtoto mwenyewe, amwoneje kuwa mchafuzi?

Utangulizi nao wastahili kutazamwa. Linka alitajwa kuwa mtu wa Umoja wa Kisovieti. Dola hiyo ilipovunjika mwaka 1991, akageuzwa kuwa wa Ulaya ya Mashariki. Wenziwe walitajiwa mabara tu tangu mwanzo. Hata Kwame, ambaye jina lake la Kiakani ladhihirisha kwao, ametoka "Afrika".