Istilahi za Kuhamisha Mfumo Endeshi: Uhakiki wa Waraka Mmoja wa Mafundi

Waraka unaohakikiwa hapa hauna jina la mwandishi wala la mpiga chapa. Ni kurasa sita zilizorudufiwa mara nyingi hata herufi za pembeni zimefifia, nao hupita mkono kwa mkono katika karakana za kompyuta za Kasulu na Kibondo. Unafundisha kazi moja tu: namna ya kuuchukua mfumo endeshi wa kompyuta, yaani ile programu kuu ambayo bila yake programu nyingine hazifanyi kazi, kutoka katika diski ya zamani yenye sahani zizungukazo, na kuutia katika diski ya aina mpya isiyo na kiungo chochote kiendacho. Mwandishi wake aliazimia kuandika kwa Kiswahili kitupu, na kwa hilo anastahili shukrani. Uhakiki huu hauhusu ufundi wake, ambao kwa sehemu kubwa ni sahihi. Unahusu maneno aliyoyatumia, na mengi ya maneno hayo si yake bali ni yetu sisi watunga istilahi.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo hili lizuke katika nyanda za juu za Kigoma. Sababu ziko wazi. Hadi mwaka 2022, gridi ya Taifa ilipofika, miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli. Diski yenye sahani haipendi kukatiwa umeme ghafla, haipendi vumbi jekundu kuziba matundu ya kupitishia hewa, wala haipendi kutikiswa ikiwa kazini. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia mfumo wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya mfumo unaofuata. Shule na chama cha msingi vyenye mashine ya namna hiyo havina fedha za kununua nyingine. Vinataka iliyopo iongezewe miaka. Diski mpya ni njia ya rahisi kuliko zote ya kuiamsha mashine iliyochoka. Fundi akikosea, kinachopotea ni alama za wanafunzi za miaka mitatu au hesabu za wakulima. Hapo ndipo istilahi inapoacha kuwa mchezo wa wasomi.

Yafaa tukumbuke kwanza vitu vyenyewe. Diski ya zamani ni ndugu wa santuri: sahani zinazunguka, na kichwa mfano wa sindano kinasoma, ila kichwa hiki hakigusi sahani bali huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Diski ya kwanza ya aina hiyo, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, na ikabeba herufi zipatazo milioni 5 tu. Zilizomo katika kompyuta za leo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski ya aina mpya haina sahani wala kichwa. Ni vipande vya kumbukumbu mweko, uvumbuzi wa Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980, ambavyo hutunza habari kwa kuzifungia chaji za umeme katika visanduku vidogo sana. Chaji hubaki humo hata umeme ukizimwa.

Basi waraka unaiitaje diski hiyo? Unaiita mara “diski mango”, mara “kiendeshi mango”, mara “kiendeshi cha hali imara”. Neno mango lina historia njema. Katika kamusi za zamani ni jiwe gumu la mviringo la kupondea au kulainishia. Watunga istilahi za fizikia wakalichukua kwa maana ya kitu kisicho kimiminika wala gesi, na vitabu vya sayansi vikalizoesha sambamba na yabisi. Katika fizikia limefaa. Katika karakana ya Kasulu halifai, kwa sababu moja nyepesi: diski ya zamani nayo ni mango! Hakuna fundi aliyewahi kuona diski ya kimiminika. Jina la asili katika lugha ya kigeni lilizaliwa wakati wahandisi walipokuwa wakitofautisha vifaa ambavyo umeme hupita ndani ya kitu kigumu na vile vya balbu za ombwe, na kumbukumbu hiyo ya kihistoria haimsaidii kitu kijana ambaye hajaona balbu ya ombwe maisha yake yote. Mbaya zaidi, diski ya zamani tumekwisha kuiita “diski ngumu”. Kwa hiyo tunamwambia mwanafunzi atoe kitu kigumu aweke kitu kigumu. (Na kijana aliyepata Kiingereza cha sekondari akisoma mango atafikiri embe.)

Hata hiyo “diski ngumu” ilipewa jina hilo ili itofautishwe na diski laini iliyokuwa ikichomekwa kwa mkono, ambayo sisi tuliiita kwa neno zuri sana, “diski tepetevu”. Diski tepetevu imekwisha toweka, nalo jina likabaki katika kamusi kama ala kwenye chumba cha makumbusho. Tafsiri ya neno kwa neno hurithi magomvi ya watu wengine.

Kuhusu “kiendeshi” nina malalamiko makubwa zaidi. Tuchukue sentensi hii, niliyoitunga mwenyewe kwa istilahi hizo hizo: “Hamisha mfumo endeshi kutoka kiendeshi kigumu hadi kiendeshi mango, kisha sakinisha viendeshi.” Sentensi ina maneno kumi na mawili. Shina la endesha limo mara nne, nalo linataja vitu vitatu tofauti kabisa: programu kuu, chombo cha kuhifadhia, na zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa au spika. Msomaji aliyezoea atajinasua. Lakini waraka haukuandikwa kwa ajili ya aliyezoea. Isitoshe, katika diski ya aina mpya hakuna kinachoendeshwa. Mfumo endeshi umekwisha kukubalika na sioni sababu ya kuuvunja. Kiendeshi kibaki kwa programu ndogo peke yake, maana hizo kweli huendesha kitu, na chombo cha kuhifadhia kiitwe diski.

Najua kuna watakaopinga wakisema kuwa diski mpya si diski, kwa kuwa haina umbo la duara. Ni kweli. Lakini watu wa Kibondo, sawa na watu wa mahali pengine, wamekwisha kulitwaa neno diski kwa kila kinachohifadhi. Hata kile kijiti kidogo cha kuchomeka kinaitwa diski mweko, wala hakina duara. Lugha haimnyang’anyi mtu neno alilokwisha kulizoea kwa sababu ya umbo. Tunachohitaji ni kivumishi kitakachozitenganisha hizo mbili kwa jambo ambalo mtumiaji analiona na kulisikia. Ukiiweka diski ya zamani sikioni unasikia mvumo. Ile mpya iko kimya, haitikisiki, imetulia. Napendekeza “diski tuli”. Neno tuli halina ugeni: msemaji yeyote anajua maana ya kukaa tuli, na fizikia imekwisha kulitumia katika umeme tuli. Ile ya zamani na iitwe “diski zunguko”. Wazungumzaji wa Kiha hawatapata shida ya kuyatamka, na wale Wakongomani wa kambi ya Nyarugusu, iliyoko huko Kasulu tangu mwaka 1996, ambao Kiswahili chao kimekopa maneno mengi ya vyombo kutoka Kifaransa, hawatalazimika kujifunza kifupisho cha herufi za Kiingereza kwanza ndipo waelewane na fundi.

Sasa tufike kwenye kitenzi, ambacho ndicho kiini cha waraka na ndicho chenye hatari. Waraka unatumia kuhamisha, kunakili na kurudufu kana kwamba ni neno moja. Si neno moja. Anayehama huacha nyumba tupu. Wazee wa Kasulu na Kibondo waliohamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 hawahitaji kufundishwa hilo. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa mfumo umekwisha “kuhamishwa” ana haki ya kuamini kwamba diski ya zamani sasa haina kitu, na kwa hiyo aweza kuifuta ili aiuze au aitumie kwa kazi nyingine. Kumbe programu ya kazi hii haihamishi chochote. Inasoma diski ya zamani na kuandika mfano wake katika diski mpya, na ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Hiyo ndiyo salama ya mwenye mali: kama diski mpya ikikataa kuamka, ya zamani ingalipo. Neno hamisha linaificha salama hiyo na kumwalika fundi aifute kabla hajajaribu ile mpya.

Kunakili nako kuna upotofu wake wa upande wa pili. Kila anayejua kutumia kompyuta kidogo amewahi kunakili faili, na akiambiwa anakili mfumo atafanya vivyo hivyo: atachagua mafaili yote na kuyabandika upande wa pili. Mafaili yatafika karibu yote. Kompyuta itawashwa, taa zitawaka, na kama wasemavyo mafundi, “haileti kitu”, kwa sababu maelekezo ya kuamshia mfumo hayanakiliwi kwa njia hiyo. Kinachobaki ni kurudufu, kitenzi kilichokwisha kutumika ofisini tangu enzi za mashine za stensili, chenye maana hasa ya kutoa kitu cha pili kilicho sawa na cha kwanza. Pingamizi lipo: “nakala rudufu” imeshika maana ya nakala inayowekwa pembeni kwa tahadhari. Mimi ningeiita hiyo “nakala ya akiba”, ambayo mtu wa kawaida anaielewa zaidi, na kuliacha kurudufu lifanye kazi yake. Kuhamisha litumike pale tu mfumo unapokuwa umekwisha kurudufiwa, ukajaribiwa, na diski ya kwanza ikafutwa. Hapo mfumo umehama kweli.

Kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni la kugeuza upande. Fundi akiielekeza programu iandike kutoka diski tupu kwenda diski iliyojaa, utupu huandikwa juu ya mali, na hakuna atakayeirudisha. Katika ukurasa ambao ungepaswa kuonya kwa herufi kubwa, waraka unatumia “diski chanzi” na “diski lengwa”. Maneno haya tumeyazoea katika nadharia ya tafsiri, nami nayaheshimu pale yanapostahili, lakini kijana aliyeishia darasa la saba ataona katika chanzi mwanzo wa kazi, na katika lengwa kitu anachokilenga, ambacho chaweza kuwa ama hiki ama kile. Kiswahili kina vitenzi vya jambo hili tangu zamani: kutoa na kupokea. “Diski itoayo” na “diski ipokeayo” hayachanganyikani hata usiku wa manane taa ikiyumba.

Waraka haukutaja hata mara moja neno ambalo karakana zote hutumia, yaani “kupiga Windows”. Nadhani mwandishi aliliona la mitaani. Mimi naliona la Kiswahili kabisa. Lugha hii hupiga pasi, hupiga deki, hupiga rangi, hupiga chapa. Kitenzi kupiga kimezoea kubeba nomino ngeni na kuzifanya kazi za mikono. Tena lina maana mahususi ambayo istilahi yetu “kusakinisha” haikuibeba: kuuweka mfumo upya kabisa, na vilivyokuwamo vikaenda. Mteja anayeleta kompyuta anapaswa kuulizwa swali moja: je, apigiwe Windows mpya katika diski tuli, au mfumo wake urudufiwe pamoja na vyote vilivyomo? Kwa maneno ya waraka swali hilo haliwezi kuulizwa.

Mengine ni madogo. “Kumbukumbu” kwa nafasi ya diski liachwe, kwa kuwa tayari lina kazi nyingine ndani ya kompyuta hiyo hiyo. “Bisibisi ya nyota” ni sahihi na safi.

Limebaki neno moja. Diski hugawanywa ndani, na kila sehemu waraka unaiita “kiambaza”. Kiambaza ni ukuta, si chumba. Mwenye kurudufu hajali ukuta. Anahitaji kujua ni vyumba vingapi viko ndani ili avichukue vyote. Katika kompyuta nyingi za sasa zenye Windows, mbali na chumba kikubwa ambacho mtumiaji anakiona, kipo chumba kidogo kilichofichwa, aghalabu cha megabaiti 100, na humo ndimo yanamokaa maelekezo ya kuuamshia mfumo. Waraka unamwagiza fundi arudufu “kiambaza kikuu” basi, na kile chumba kidogo haukitaji popote. Kabla ya waraka huo kurudufiwa tena, aya hiyo ya ukurasa wa nne iandikwe upya: rudufu vyumba vyote, kikubwa na kidogo, kwa mpangilio wake.