Mstari Mmoja wa Silabusi

Wapendwa wenzangu wa lisansi, leo naleta ukosoaji, na naanza na mimi mwenyewe.

Mkulima mmoja wa kahawa wa Idjwi alinionyesha sashe mbili nyeusi za miche. Moja imepasukapasuka kabla mche haujafikia kupandwa, nyingine iko bado na nguvu. Akauliza: «Agronomu, si zote ni plastiki? Mbona hazifanane?» Nikamujibu: «Ni jua.» Tukaachana.

Niliporudi Himbi, nikafungua silabusi yangu ya kemia. Kurasa na kurasa juu ya namna polima inavyokua. Juu ya namna ya kuisimamisha: mstari mmoja. Tuliukariri, tukapata pointi, tukausahau.

Kosa liko hapo. Ile polietileni laini ya sashe inatengenezwa kwa radikali, chini ya presha kubwa sana. Radikali inashika monoma moja, kisha nyingine, maelfu. Minyororo ikizidi urefu, plastiki iliyoyeyuka inakuwa nzito na mashine inapata shida kuitandaza. Ndiyo maana kiwanda kinaongeza kidogo kitu cha kuhamisha mnyororo, mfano propileni. Mnyororo unaokua unachukua hidrojeni kwake na kusimama. Radikali inabaki kwa kile kitu na kuanzisha mnyororo mpya. Ni kama mpira: aliyeutoa anasimama, aliyeupokea anakimbia, mchezo unaendelea. Lakini ukikizidisha, minyororo inakuwa mifupi: plastiki inatiririka vizuri, ila inapasuka haraka. Kisha jua linakuja kukata hata ile iliyobaki. Kumbe jibu langu lilikuwa nusu tu.

Na haya si mambo ya jana. Flory alieleza kuhamisha mnyororo mwaka 1937. Mwaka 1998, kule Australia, kikundi cha CSIRO cha Moad, Rizzardo na Thang kilitangaza njia ya RAFT: misombo ya salfa inapokea radikali na kuirudisha, hivi minyororo yote inapata zamu na inakaribia kulingana. Huyo San Thang alizaliwa Saigon, akasomea kemia kwao, akaingia Australia mwaka 1979 kama mkimbizi. Sisi wa Goma, tuliozoea kuona shitingi za wakimbizi, ndio tulipaswa kusikia jina lake darasani.

Mtu atasema: agronomu si mkemia. Sawa. Lakini ni nani anamushauri mkulima kununua sashe? Ni sisi. Na hasara ya miche si ya profesa, ni ya yule mzee wa Idjwi.

Nitarudi kwake. Nitamwambia ukweli: kwa macho huwezi kujua urefu wa mnyororo. Nunua sashe chache kwanza, ziweke juani wiki kadhaa, zivute kwa mikono, ndipo ununue nyingi. Na kitalu kikae kivulini.

Na nyinyi, ni mstari gani mlikariri bila kuuelewa? Andikeni hapa chini, tusaidiane.