Kupima Kona za Barabara kwa Picha za Setilaiti: Mackinnon Road

Barabara kuu ya Mombasa–Nairobi inapokatiza nyika ya Taru na kufika mji wa Mackinnon Road, katika bara ya Kwale, haiendi peke yake. Inafuatana na reli mbili: ile ya kikoloni, na reli ya kisasa, SGR, iliyozinduliwa 2017. Kwa anayetafuta nusukipenyo cha kona kutoka angani, ujirani huu ni mtego. Programu inayofuata mistari mirefu huweza kuacha lami na kudandia tuta la reli, kona ya treni ikahesabiwa kuwa ya magari. Dawa ni kuanza na mstari wa barabara uliokwisha kuchorwa katika ramani huria ya OpenStreetMap, kisha kuitafuta lami ndani ya ukanda mwembamba unaouzunguka.

Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, lakini pikseli moja hufunika mita 10 kwa 10. Lami ya njia mbili, yenye upana wa takriban mita 7, humezwa humo pamoja na udongo mwekundu wa kando. Zile za WorldView-3, ambazo huuzwa, hufikia sentimita 31.

Pointi za katikati ya lami hugeuzwa kutoka digrii kuwa mita, kwa mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 Kusini. Mji wa Mackinnon Road uko karibu kabisa na longitudo 39, mstari wa kati wa kanda hiyo, ambako vipimo hupungua sentimita 40 kwa kila kilomita. Kwa kona ya mita 500 hizo ni sentimita 20, si kitu.

Shida iko kwenye hesabu yenyewe. Hupimwa umbali wa moja kwa moja kati ya pointi mbili za tao, kisha kina, yaani tao limejitenga kiasi gani na mstari huo katikati yake. Umbali huzidishwa kwa wenyewe, hugawanywa kwa mara 8 ya kina, kisha huongezwa nusu ya kina. Umbali wa mita 100 na kina cha 2.5 hutoa nusukipenyo cha mita 501. Kosa la mita 1 tu katika kina hulipeleka jibu hadi 359 au 834! Umbali ukiwa mita 300 na kina 23, kosa lile lile huliyumbisha kati ya 481 na 522 tu. Ila umbali huo ukivuka mwisho wa tao na kuingia sehemu iliyonyooka, kona huonekana pana kuliko ilivyo.

Hata hesabu ikitoka safi, picha ya kutoka juu haionyeshi mwinamo wa lami kuelekea ndani ya kona, na bila mwinamo huo kasi salama haikokotoleki. Huo bado hupimwa barabarani.