Hifadhi ya Nani?

Badilisha lugha ya simu yako iwe Kiswahili, halafu itafute ile programu yenye pembetatu ya rangi rangi. Haiitwi tena Google Drive. Inaitwa Hifadhi ya Google. Jirani yake, ile ya picha, inaitwa Picha kwenye Google. Najua wengi wenu hamjawahi kujaribu. Huku Nairobi simu hukaa kwa Kiingereza, na mtu akiiweka kwa Kiswahili tunamuuliza kama amehamia Dodoma. Mimi nimekaa na simu ya Kiswahili mwaka mzima sasa, na nataka kuisoma vile tunavyosoma hadithi fupi: neno kwa neno, nikiuliza nani anasema na anamwambia nani.

Mtafsiri wa maneno haya hana jina. Hana jalada, hana uzinduzi wa kitabu wenye samosa na chai ya bure. Ila huenda ndiye mwandishi wa Kiswahili ambaye maneno yake yanaguswa na vidole vingi kuliko ya mwandishi mwingine yeyote aliye hai. Anastahili mhakiki japo mmoja.

Tuanze na hifadhi. Jina la Kiingereza ni la kifundi tu, linatokana na kile kifaa ndani ya kompyuta kinachobeba data. Halina hisia. Mtafsiri angeandika "diski" akaenda zake nyumbani. Akachagua neno lenye mizigo. Hifadhi kwanza ni ulinzi: nyanya yako akikuombea, humwomba Mungu akuhifadhi. Pia ni mahali. Vuka Namanga tu na vibao vya barabarani vinaanza, Hifadhi ya Taifa hii, Hifadhi ya Taifa ile. Sisi tumezoea kusema mbuga, lakini mambo ni yale yale: kuna lango, kuna ada, kuna askari, na kuna saa ya kufunga. Halafu kuna maana ninayoipenda zaidi, ya kuweka kitu kichwani. Mtoto wa madrasa kule Lamu anapohifadhi Kurani hakuna chombo chochote. Chombo ni yeye.

Ubishi wangu na programu hii uko hapo. Inajitangaza kwa maana ya kwanza, inafanya kazi kwa maana ya pili, na polepole inatuondolea ya tatu.

Ile ya lango na ada haikuonekana mapema. Mei 2015 Google walipozindua programu yao ya picha, walisema pakia zote, bure, bila kikomo, mradi ukubali zipunguzwe ubora kidogo. Miaka hiyo ndiyo wengi wa rika langu walikuwa wanashika simu ya kwanza yenye kamera ya maana. Tukapakia. Harusi za mabinamu, mahafali, sahani za nyama choma, picha kumi na nane za machweo moja. Juni 1, 2021 ofa ikaisha: kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa kwenye GB 15 zile zile zinazobeba barua pepe zako na faili zako. Kisha zamu ya WhatsApp. Kwa wenye Android, nakala ya mazungumzo ilikuwa ikikaa Hifadhi bila kuhesabiwa. Kufikia 2024 ikaanza kuhesabiwa. Watu ambao hawajawahi kufungua Hifadhi kwa hiari yao wakashtukia wanaambiwa imejaa. Imejaa nini? Imejaa sauti za shangazi, dakika nne nne. Na tangu Desemba 2023, akaunti ya mtu binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Marehemu huwa hawaingii kwenye akaunti zao.

Sisemi kuna wizi hapo. Mabadiliko hayo yalitangazwa, tena mapema. Ninachosema, kama msomaji, ni kwamba hadithi ilibadilisha msimulizi katikati. Sura ya kwanza ilisimuliwa na nyanya anayekuombea, ya pili ikachukuliwa na karani wa langoni, na sauti yao ikabaki ile ile, yenye upole ule ule. Mtafsiri wetu alikuwa ameshaandika neno linalowabeba wote wawili. Sijui kama alikusudia. Namvulia kofia vyovyote vile.

Nilipokuwa chuo, kabla karo haijanishinda mwaka wa tatu, tulikuwa na kikundi cha uandishi cha watu tisa. Kila kitu tulikiweka kwenye folda moja tuliyoiita Debe: mashairi, hadithi, tamthilia moja ya kipuuzi kuhusu bweni lisilo na maji, na maoni yetu pembeni, makali kuliko kazi zenyewe. Folda ilikuwa chini ya akaunti ya chuo ya mwenyekiti wetu. Akahitimu. Miezi kadhaa baadaye chuo kikafunga akaunti za waliohitimu, na Debe likaenda nazo. Hakuna aliyefuta hata sentensi moja. Asubuhi moja tu kiungo kilifungua ukurasa mweupe unaosema faili haipo. Niliandikia ofisi husika nikajibiwa, kwa adabu kabisa, kwamba mimi si mwanafunzi tena. Kweli, mimi si mwanafunzi.

Kilichoniuma ni yale maoni ya pembeni. Shairi mtu anaweza kuwa nalo mahali, kwenye simu ya zamani, kwenye barua pepe. Lakini watu wawili wakigombana saa saba usiku juu ya neno moja, kama ni "giza" au "kiza", nani huwa na nakala ya ugomvi?

Hapo nafika kwenye kitufe cha pili: Shiriki. Hapa namkosoa mtafsiri bila huruma. Kushiriki ni kuwa mmoja wa wanaotenda. Unashiriki harambee, unashiriki maandamano, unashiriki meza ya Bwana. Anayetoa kitu ili wengine wakipate hashiriki, anashirikisha, anagawa. Ati "shiriki faili". Faili ni sherehe? Lakini nimekaa na kosa hilo mpaka limeanza kunifaa, maana linasema ukweli ambao neno sahihi lingeuficha. Ukinitumia kiungo hujanigawia kitu. Umeniruhusu kushiriki, yaani nije kwako nisimame nitazame, mpaka utakapobadili nia au mpaka wewe mwenyewe ufungiwe. Sasa linganisha na flashi. Flashi zilikuwa na virusi, zilibaki kwenye viti vya matatu, zilikufa bila kuaga. Lakini mtu akikupa faili kwa flashi mmekuwa wawili wenye faili. Akihama, akikublock, akifa, yako iko pale.

Inachekesha kwamba tasnia hii yote inapenda kusimulia mwanzo wake kwa flashi. Drew Houston, mmoja wa walioanzisha Dropbox mwaka 2007, husimulia kwamba wazo lilimjia ndani ya basi la kutoka Boston kwenda New York, baada ya kugundua amesahau flashi yake. Kama hadithi ya asili ni nzuri, fupi, ina safari na ina kosa dogo. Lakini angalia wahusika. Ni mtu mmoja, faili zake, na kusahau kwake. Basi lote hilo halina mtu wa pili.

Huku kwetu basi limejaa. Wingu letu la kwanza lilikuwa saiba. Ingia saiba yoyote Githurai, kaa mashine ya pale kona, uangalie skrini: CV za watu ishirini, barua za kuomba kazi, kitambulisho kilichoskaniwa pande zote mbili, cheti cha KCSE cha mtu usiyemjua, na alama zake za hesabu ambazo sasa unazijua. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 ingezirai ikipita hapo. Ni hatari, na mtu akikuibia jina kwa njia hiyo hutacheka. Ila nimeona mama akirudi miezi sita baadaye, akamuuliza yule kijana, "Ile barua yangu bado unayo?" Anayo. Anakumbuka hata ilikuwa ya nini, anauliza kama ile kazi ilitoka. Ulinzi sifuri, lakini kuna mtu.

Na kabla ya saiba kulikuwa na vichwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Mengi ya mashairi yake yalibaki kwa watu walioyahifadhi, kwa maana ile ya tatu, na miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya na kuyaandika, akifanya kazi na W. E. Taylor, mmishonari Mwingereza. Karatasi zikaishia London, kwenye maktaba ya SOAS. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka, ikachapishwa Johannesburg. Mshairi wa Mombasa, karatasi London, kitabu Johannesburg. Mtu asije akaniambia kwamba kuwekewa vitu vyetu mbali kulianza na intaneti.

Sitaki kuifanya hadithi hiyo iwe tamu kuliko ilivyo. Vichwa hufa. Vichwa husahau ubeti wa nne na kuutungia mwingine. Bila Sikujua na karatasi zake, huenda leo Muyaka angekuwa misemo mitano na ubishi juu ya nani aliisema. Lakini katika kila kituo cha safari ile palikuwa na mtu aliyelijua shairi na kuamua linafaa kubebwa, hata kama alilibeba mbali sana na nyumbani. Hifadhi ya Google hailijui shairi langu. Inajua uzito wake, ambao ni KB 14.

Mtu ataniambia nalia ovyo, na ana hoja. Nairobi hii simu hunyakuliwa dirishani mwa matatu kabla hujamaliza kusema haloo. Rafiki yangu alipokonywa yake pale Ngara. Jioni akaazima nyingine, akaingiza nenosiri, na picha za marehemu mama yake zikaanza kuteremka, moja, moja. Nilikuwa nimekaa kando yake. Sitamsikiliza yeyote anayeniambia hilo ni jambo dogo, na sitamwambia mtu afunge akaunti yake ati kwa sababu za kifalsafa.

Tatizo ni hili neno wingu linavyotufanya tuamini kuna pahali pasipochomeka. Wahandisi walizoea kuchora wingu kwenye michoro ya mitandao kuonyesha sehemu ambayo hawakuwa na haja ya kueleza kilichomo. Ni mchoro wa kusema usijali ya humu ndani. Kwetu sisi njia ya kufika winguni inapita chini ya bahari: nyaya za SEACOM na EASSy zinatua Mombasa, na Mei 12, 2024 zilipokatika kule upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ikajikokota na wingu likawa mbali ghafla. Hiyo ni afadhali, waya huungwa. Septemba 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon, ukateketeza G-Drive, hifadhi ya faili za kazi za watumishi wa umma. Terabaiti 858. Nakala kwingine haikuwepo, kwa maelezo kwamba data ilikuwa nyingi mno kunakiliwa. Korea Kusini hiyo, wanaotuuzia simu.

Neno ninalolipenda kuliko yote kwenye simu hii ni pakua. Hapo mtafsiri alipatia. Kupakua ni kushusha mzigo kutoka chomboni, na pia ni kutoa chakula kwenye sufuria ukakiweka sahanini. Google wenyewe, tangu 2011, wana huduma ya kukupa nakala ya data yako, na waliiita Takeout, kama chakula cha kubeba kutoka hotelini. Sheria ile ya 2019 nayo inakupa haki ya kupewa data yako kwa namna unayoweza kuhama nayo. Sasa uliza marafiki zako wangapi wamewahi kupakua. Uvivu upo, lakini zaidi ni hesabu. Bando ni ghali. Na ukishapakua utaweka wapi, kwenye simu ya GB 32 iliyojaa tangu mwaka juzi? Diski ya nje ni hela ya chakula ya wiki kadhaa. Lango lilijengwa pale ambapo hatuna sahani, na hilo hata tafsiri nzuri namna gani haiwezi kulitatua.

Debe tunalijaza tena, sisi watano tuliobaki tukiwasiliana. Mmoja alikuwa na PDF mbili, mwingine picha za skrini alizopiga ili amcheke mtu. Mwenzetu aliye Qatar alitutumia shairi lake kwa sauti, kutoka kichwani, mistari kumi na sita bila kukwama. Wiki iliyofuata picha ya skrini ya shairi hilo hilo ikapatikana, na ubeti wa mwisho ni tofauti kabisa. Yeye anasema ule wa kichwani ndio sahihi. Mwenye picha anasema hapana, ule wa zamani ulikuwa mkali zaidi, na kwamba Qatar imemlainisha. Tumeprinti zote mbili pale saiba, shilingi kumi ukurasa, nakala tano, na pembeni tumeacha nafasi ya kuandika. Yangu tayari imejaa matusi ya watu wawili.